Kipande cha Aikaeli

Jumapili, 1 Machi 1953

Baba Koikai amenipa daftari lililobaki shuleni kwake. Amesema maswali yangu niyaandike humu badala ya kumuuliza yeye anapokula, na niandike kana kwamba ninamwandikia mtu asiyetujua. Haya basi, wewe usiyetujua: mimi ni Sinyati, mke wa mwalimu Philemoni, huyo Baba Koikai. Tunakaa magharibi ya Mlima Meru, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi Kisongo. Bomani tuko mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, mama mkwe wangu Simaloi ambaye sote tunamwita Yeyo, na Aikaeli, mke wa shemeji yangu Mikaeli. Mikaeli anafanya kazi kwenye shamba la kahawa Tengeru na huja nyumbani Jumamosi. Huko ndiko alikompata Aikaeli. Ni Mmeru, ana mimba ya kwanza, na hucheka hata akiwa peke yake.

Leo Yeyo amenikabidhi kisu cha nyama. Vidole vyake vimekakamaa kwa baridi na kazi, havishiki tena vizuri. Miaka tisa nimekuwa nikipika nyama niliyokatiwa. Kuanzia leo nakata mimi, na nimefurahi kuliko inavyofaa.

Akanieleza jinsi ya kugawa. Wanaume kwanza, kisha watoto, kisha mimi, yeye mwenyewe kipande laini kwa ajili ya meno, na Aikaeli mwisho. "Cha Aikaeli kiwe hivi," akasema, akaweka vidole viwili juu ya ubao. "Mwezi ujao kimoja. Mwezi wa mwisho, mchuzi tu."

"Kwa nini, Yeyo?"

"Mtoto akinenepa tumboni hatoki."

Na mimi nililishwa hivyo hivyo, mimba zote mbili. Watoto wangu walizaliwa wadogo, wakatoka bila shida. Huo ni ushahidi wa Yeyo. Lakini nakumbuka pia kwamba baada ya Koikai sikuweza kusimama kwa siku tano. Huo nao ni ushahidi, sijui wa nini.

Jumatano, 4 Machi

Siku ya mnada. Baba Koikai kaleta ratili tatu za nyama, nyingi ni mfupa. Nimekata. Vidole viwili vya nyama, ukivitazama ndani ya bakuli, si kitu.

Alhamisi, 12 Machi

Nimempeleka Aikaeli kwenye zahanati ya misheni. Yeyo aliruhusu kwa sababu nilisema tunafuata dawa ya macho ya mtoto, na kweli tuliifuata. Dresa Eliasi, anayetibu pale, alimvuta Aikaeli kope ya chini, akatazama, akasema damu ni kidogo. Ale nyama, maini na maziwa.

"Kiasi gani?" nikauliza.

"Kadiri anavyoweza."

"Vidole vingapi?"

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Mama Koikai, serikali haijanifundisha kupima nyama kwa vidole."

Kumbe naye hajui. Anajua iongezwe, hajui iishie wapi. Yeyo anajua ipunguzwe, na anajua mpaka kidole. Nilirudi njia nzima nikiwaza ni yupi kati yao anayejua zaidi.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 17 Machi

Nimewauliza wanawake kisimani. Mmoja anasema mama yake alikula paja zima la mbuzi akazaa pacha, wote wazima. Wa pili anasema dada yake alikula uji mtupu akazaa mtoto asiyelia. Wa tatu akaniuliza kwa nini nauliza, nikasema nauliza tu. Kila mmoja ana mtu wake mmoja wa kumtolea mfano. Hakuna aliyewahi kuwahesabu wote.

Jumatano, 25 Machi

Leo nimekata vidole vitatu.

Sikumwambia mtu. Kimoja nimekitoa kwenye changu, nikakificha chini ya ugali upande wa Aikaeli, juu nikaweka mboga ya maboga. Alipokifikia alinitazama mara moja, akainamisha kichwa akala. Yeyo alikuwa anamumunya mfupa wake taratibu, hakuona. Mikono yangu ilikuwa ya baridi kana kwamba nimeiba, na nyama ni yangu mwenyewe.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka

Tulichinja beberu. Mikaeli alikuja na mchele kutoka Tengeru. Wanaume walichoma mbavu zao nje, sisi tukapika ndani, na moshi ukatutoa machozi sote. Yeyo alisimama nyuma yangu nikikata. Aprili imeingia, kwa hiyo Aikaeli ni kidole kimoja. Nikakata kimoja, Yeyo akaguna kuonyesha ameridhika, akaenda kukaa.

Kisha nikampelekea Aikaeli ini nyuma ya zizi, nimelifunga kwenye jani la mgomba. Alikula amefumba macho. Nilimuuliza kwao Meru mjamzito hukatiwaje. Akasema kwao hakuna anayekata, chungu kinawekwa katikati na mama yake humwambia ale. Halafu akacheka. "Ila dada, mama yangu kila kitu husema kula. Hata mtu akifiwa."

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Kuni mbichi. Nyama haikuiva.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeona jambo. Nyuma ya nyumba ya Aikaeli, mvua imefukua mfupa wa ubavu. Ubavu wa mbuzi haujapita kwenye kisu changu tangu Pasaka, na siku ile mbavu zote zilikuwa za wanaume. Niliugeuzageuza. Umetafunwa na mtu, si mbwa. Nani kampa?

Jumatano, 22 Aprili

Nimempata mmoja. Baba Koikai alirudi kutoka mnadani amelowa, akanipa furushi la nyama, kisha akasema anakwenda kuangalia mfereji kama umeziba. Mfereji uko kushoto, yeye akaenda kulia. Nikamfuata. Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, kasimama mlangoni kwa shemeji yake na kipande cha nyama ya kuchoma kwenye karatasi ya darasa la pili, yenye hesabu za kujumlisha.

"Baba Koikai," nikasema.

Aligeuka polepole. "Nilisikia alichosema Eliasi," akasema.

"Nilikuambia mimi."

"Basi kosa ni lako."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Aikaeli peke yake hakucheka. Nilipomuuliza juu ya mfupa wa ubavu alikiri kwamba Mikaeli naye huleta kitu kila Jumamosi, nyama au maziwa mgando, na humtazama mpaka amalize. Kumbe tuko watatu, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

"Mbona hukusema?"

"Nimkatalie nani, dada? Mume ni mume. Shemeji ni mkubwa wangu. Na wewe ndiye mwenye kisu." Akajishika tumbo. "Nimeshiba tangu Pasaka."

Nimejaribu kujumlisha kama zile hesabu za darasa la pili. Changu, cha Baba Koikai, cha Mikaeli. Jumla yake inazidi ya Baba Koikai mwenyewe anayekula mbele ya wote. Niliyetaka kujua kiasi, kiasi kimenipita chini ya pua. Tumekubaliana kwamba tangu sasa nitoe mimi tu.

Alhamisi, 30 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Bomani kwetu nyama na maziwa havikutani siku moja ndani ya tumbo moja. Ukila nyama leo, maziwa ni kesho. Sote tumebatizwa, lakini jambo hilo lilikuwepo kabla ya ubatizo na bado lipo. Aikaeli alipoolewa aliambiwa siku ya kwanza, na kwa kuwa ni mgeni hulishika kuliko sisi tuliozaliwa nalo.

Jana mvua ilizuia mnada, kwa hiyo hatukuwa na nyama, wala leo. Lakini mimi nilikuwa na kipande nilichokausha juu ya moto, na leo asubuhi nikampa. Saa nne Yeyo mwenyewe akamletea maziwa kwenye kibuyu. Hajawahi kufanya hivyo. Ng'ombe wake mwekundu amezaa, na maziwa yake ya kwanza yanayofaa kunywewa kampelekea mke wa mwanawe. Alikuwa anatabasamu. Nami nilikuwepo, nachambua maharage.

Aikaeli alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, akasema, "Leo siwezi, Yeyo."

Hakusema uongo. Angeweza kunywa tu na hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa anashika mwiko wetu, wa nyumba yetu, na kwa kuushika akatuumbua.

Yeyo alikivuta kibuyu kifuani. Kisha akauliza, "Umekula nyama ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Aliweka kibuyu chini, akaniambia nimfuate nyumbani kwake. Nilijiandaa kwa maneno makali. Hakuwa nayo. Alikaa kitandani, akakunja mikono yake isiyokunjika vizuri, akaniambia kitu ambacho kwa miaka tisa nilikijua nusu tu. Nilijua alikuwa na binti aliyefariki kabla sijaolewa. Jina lake silijui, kwa sababu majina ya marehemu kwetu hayatajwi. Nilidhani ni homa.

Si homa. Binti alirudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa na njaa, na Yeyo akamwonea huruma. Wanawake wakubwa walisema kidole kimoja, yeye akakata vitatu, akaficha chini ya chakula. Uchungu ulimshika siku mbili, mtoto hakutoka. Wakazikwa pamoja. Wanawake waliomwosha walisema alikuwa ameshiba mno.

"Nilimkatia mimi," Yeyo akasema. "Kwa mkono huu."

Nilitaka kumwambia alichosema Eliasi.  Lakini nilikuwa nimefanya kile kile alichofanya yeye, mpaka pale pa kuficha, na wala sikujua kuna aliyetangulia.

Ijumaa, 1 Mei

Mchuzi tu. Mwezi wa mwisho wa Aikaeli umeingia, nimempa kama nilivyoagizwa.

Jumatano, 6 Mei

Mchuzi. Aikaeli haulizi. Analamba bakuli akidhani sioni.

Jumapili, 10 Mei

Nimegombana na Baba Koikai. Amesema Eliasi amesoma. Nikasema Eliasi hajazika mtu kwa mkono wake. Akasema na Yeyo hajui kama ni nyama iliyomuua binti, anajua tu kwamba alikula na kwamba alikufa. Nikatoka nje, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo mimi mwenyewe ningeuliza kama ningekuwa sina hofu. Ni ajabu jinsi hofu inavyoninyima maswali. Zamani nilidhani Yeyo ni mchoyo. Sasa nikishika kisu namwona yeye akiwa kijana, na ubao ni huu huu.

Alhamisi, 14 Mei

Nimemtazama Aikaeli akioga. Tumbo lake halijachongoka mbele kama langu lilivyokuwa. Limepanuka pembeni, kulia na kushoto. Yeyo naye ameliona. Akasema kwa sauti ndogo, "Amenenepa."  Usiku huu mzima nitakuwa nahesabu vipande vyangu.

Jumamosi, 16 Mei

Nimempa kidole kimoja, mbele ya Yeyo, mchana. Nilisema, "Yeyo, kama kuna mtoto humo ameshanenepa, kidole hiki hakitamzidisha. Na kama mama hana nguvu, atasukuma kwa nini?" Yeyo akageuza uso ukutani. Hakukataza. Aikaeli alikula huku analia, na sikujua analilia nini.

Jumanne, 19 Mei

Mvua imekata. Ukungu mpaka saa sita.

Ijumaa, 29 Mei

Naandika nikiwa mjini, kwenye baraza ya hospitali. Daftari lilikuwa kwenye kikapu pamoja na khanga, namshukuru aliyeliweka.

Uchungu ulimwanza Jumanne asubuhi. Wakunga wetu wawili walikuja, wakamkanda, wakamtembeza. Mpaka Jumatano alfajiri hakuna kitu. Yeyo hakuingia ndani hata mara moja. Alikaa nje kwenye umande, shuka kichwani, na kila Aikaeli alipopiga kelele aliinama kidogo, kidogo tu.

Nilitoka nikamwambia, "Tunampeleka mjini."

"Yule wangu sikumpeleka popote," akasema. Kisha akasimama. "Twendeni."

Baba Koikai na majirani walimbeba kwa kitanda. Njia ilikuwa tope mpaka magotini, na kwenye bonde la mto mmoja wao aliteleza, kitanda kikalala upande, Aikaeli akashika nywele zangu. Njia yote nilikuwa najumlisha. Pasaka ini. Kile cha chini ya mboga. Kile nilichokausha. Nilimwomba Mungu anisamehe kila kimoja kwa jina lake, kana kwamba vipande vina majina.

Kisongo palikuwa na mnada. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Jamaldini, alikuwa amekwisha kupakia magunia ya mahindi kwenye lori lake. Alitazama kitandani mara moja tu. "Shusheni magunia yote," akawaambia watu wake, na kwa Yeyo akasema, "Shikamoo mama, panda mbele." Yeyo hajawahi kupanda gari. Alikataa mbele, akapanda nyuma, akakiweka kichwa cha Aikaeli kwenye mapaja yake, na mpaka mjini akawa anamwimbia kitu ambacho sijawahi kumsikia akiimba.

Daktari alimpasua saa tisa mchana. Tulikaa nje. Mimi niliogopa hata kumtazama Yeyo, kwa sababu nilijua anachokiwaza, na yeye alijua ninachokiwaza.

Nesi alitoka jioni. Jina lake Sophia, mtu wa Tanga, Kiswahili chake kinakwenda mbio. Alisema mama yuko hai, amechoka sana, ila yuko hai. Na mtoto ni wa kike. 

Niliuliza swali la kwanza lililonijia. "Ana ratili ngapi?"

"Sita na nusu."

"Hiyo ni kubwa?"

"Kubwa? Ni mtoto wa kawaida kabisa. Hata mdogo kidogo."

Nikamtafsiria Yeyo, maana Kiswahili chake ni cha sokoni. Hakuamini. Akasema niulize kwa nini basi hakutoka.

"Alilala mkingamo," nesi akasema, akaweka mkono wake kukata tumbo. "Kichwa huku, miguu kule. Wa namna hiyo akishatimia miezi, hatoki bila kusaidiwa."

"Yeyo anauliza kama ni nyama."

"Nyama gani?"

"Aliyokula mama yake."

Nesi alitutazama, mimi kisha Yeyo, na nadhani aliona kitu, kwa sababu aliacha kukimbiza maneno. "Si nyama, mama. Wala si maziwa. Mtoto hukaa hivyo tu mwenyewe. Huyu mama damu yake ni kidogo, angelishwa zaidi angeweza kuvumilia vizuri. Lakini kukaa mkingamo hakuletwi na chakula."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yeyo akasema, "Muulize tena." Nikauliza tena, nesi akajibu vile vile, bila kuchoka.

Jumanne, 2 Juni

Mji una bendera kila mahali kwa ajili ya kutawazwa Malkia. Baba Koikai kaja na watoto wa shule, wameimba, wamepewa maandazi. Mikaeli yuko kwa mkewe, hajaacha kumshika mtoto tangu juzi. Nilimpelekea Aikaeli supu ya mfupa na nyama nyingi, sikupima. Alinywa mchuzi, akala nusu, akasukuma bakuli. "Dada, kwa hisani yako, naomba maharage."

 Tangu Jumatano Yeyo anakula kidogo, anakaa kwenye benchi la baraza, anatazama mlango wa wodi. Leo asubuhi nesi Sophia alipopita, Yeyo akamshika nguo. Akaniambia nimuulize jambo, na akalisema polepole ili nisikosee.

Kama mwanamke amekaa na uchungu siku mbili. Na kama siku ya pili kichwa cha mtoto hakikuonekana, ila ulitoka mkono. Mkono mdogo peke yake, mpaka kwenye kiwiko. Huyo naye alikuwa amelalaje?

Sikuwahi kuambiwa habari ya mkono. Nadhani hakuna aliyewahi kuambiwa. Nilimtafsiria nesi kama alivyolisema.

Nesi alikaa kwenye benchi, karibu naye. "Mkono ulitangulia?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie mama kwamba huyo naye alikuwa mkingamo. Hata angekula uji mtupu miezi tisa, ingekuwa vile vile. Alihitaji daktari, hakuhitaji njaa."

Nilimwambia Yeyo. Hakuniambia niulize tena. Nesi aliondoka na kazi zake, na sisi tukabaki pale, bendera zinapigwa na upepo barabarani, watoto wa shule wanaimba mbali. Yeyo alikuwa ameweka mikono yake miwili mapajani, viganja juu, anaitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nasieku," akasema.

Nilidhani anamwita mtu. Kisha nikaelewa ni jina la nani, na kwamba ndiyo mara ya kwanza nalisikia.

"Nasieku alipenda nyama ya ubavu," akasema Yeyo. "Tangu mdogo."

Nikamuuliza alikuwa anakula kiasi gani, naye akaanza kunieleza.